Watazamaji wa Pilau

Siku ya soko Kwa Mrombo, saa nne asubuhi, Fuso la kubebea mchanga lilisimama mbele ya duka la Tabitha likaziba mlango mzima. Ndani ya duka mlikuwa na viti vya plastiki vilivyopandana mpaka darini, maturubai na masufuria ya shughuli. Tabitha alitoka akiwa na gauni lake la kitenge cha kijani na tambara la kufutia vumbi begani.

"Kaka, hapo umeegesha au umehamia?"

Dereva akashuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ovaroli yake ya bluu ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Ile pasi kwenye ovaroli ilimfanya Tabitha ameze maneno mengine aliyokuwa ameyaandaa.

"Samahani, dada. Nimekuja kukodi viti. Arobaini."

"Harusi au msiba?"

"Mashindano."

"Ya kwaya?"

"Ya malori. Tunakimbiza mawili mawili, njia iliyonyooka, mita mia nne. Kule kwenye uwanja wa changarawe ya moramu nyuma ya Olasiti."

Tabitha aliangua kicheko hadi muuza nyanya wa jirani akageuka. "Nani atakwenda kukaa kwenye kiti amtazame Fuso? Si yapo barabarani kila siku, bure, tena sisi ndio tunayakimbia?"

"Hayo ya barabarani yamebeba mchanga," alisema kijana yule bila kukasirika. "Njoo siku moja ulione likiwa halina kitu mgongoni. Naitwa Lesian."

Viti vilirudi Jumapili jioni. Tabitha alikuwa na desturi ya kukifuta kila kiti kwa mkono wake, na kwa miaka sita ya kazi ile alikuwa amejifunza kuvisoma. Kiti kilichokaliwa hurudi vumbi lake limefutika katikati. Kisichokaliwa, vumbi hulala sawasawa kama unga kwenye ungo. Alifuta vyote arobaini. Vilivyokaliwa vilikuwa sita.

Safari hii hakucheka. Alitafuta namba ya Lesian akapiga.

"Viti vimefika salama," alisema.

"Asante. Nilidhani utaniambia kimoja kimevunjika."

"Hakuna." Akavuta kiti kimoja akakaa. "Nani alishinda?"

Lesian alimwomba arudie swali. Baadaye, walipokwisha kupendana, Lesian alimwambia kwamba katika miaka mitatu ya mbio zile, Tabitha ndiye mtu wa kwanza asiye dereva kumuuliza swali hilo.

Mapenzi yao yaliingia kupitia simu. Lesian alipiga akiwa foleni machimboni, akisubiri kupakiwa mchanga. Tabitha alipokea akiwa na viti mikononi, simu ameibana begani.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe usiniite mrembo na huku nasikia watu wanakucheka."

"Wanaona wivu. Brayson hapa anasema nimelogwa na muuza viti."

"Mwambie sivyo. Nakodisha tu, siuzi. Nikikuchoka nakurudisha."

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda uwanjani. Madereva walikuwa wanane, wote wa malori ya mchanga na ndizi, na hakuna aliyelipwa. Walichora mstari wa chokaa, wakasimamisha mapipa mwisho wa njia, wakaweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma ili lori tupu lisirukeruke, wakaondoka kwa gia ya pili. Tabitha alikaa kiti cha mbele amevaa kofia pana. Lakini macho yake hayakuwa kwenye malori. Yalikuwa kwenye viti. Wapita njia watatu, mchunga mbuzi mmoja, na mke wa mkubwa wa madereva wale, Mzee Dismasi. Kila lori lilipopita likivuma, Tabitha aliona aibu kwa niaba ya Lesian, kama mtu anayemtazama bwana harusi ambaye wageni wake hawajaja. Katika kazi yake, viti vitupu ndiyo fedheha kubwa kuliko zote.

Mwezi wa tano Lesian alimpigia.

"Tabi, mzee amekubali kuja."

"Mzee yupi?"

"Baba. Mzee Tajeu mwenyewe, atoke kijijini Musa kwa miguu yake. Miaka yote ananiambia mimi ni mtu mzima anayecheza na vumbi. Sasa amesema atakuja aone kama ni kazi ya watu au ni upuuzi. Baada ya hapo, mpenzi, nataka nimwambie habari zako."

Usiku ule Tabitha hakupata usingizi mzuri. Alimwona mzee wa watu ameketi katikati ya viti thelathini na nne visivyo na mtu. Asubuhi akafanya jambo ambalo ni mtu wa shughuli tu angelifikiria. Alikwenda Themi kwa Mama Theresia.

Mama Theresia alikuwa na kundi la hamasa. Mkutano ukihitaji watu, uzinduzi ukihitaji vigelegele, yeye alileta watu sitini wenye sare, wakashangilia kila alipoinua leso yake.

"Malori?" Mama Theresia aliuliza.

"Malori, mama. Kuanzia saa nne mpaka saa saba. Na pilau nitapika mimi."

"Tumtaje nani kwenye wimbo?"

Tabitha alisita. "Lesian," akasema.

Jumamosi ile viti vyote vilijaa na wengine wakasimama. Vitenge vya njano vilimeta hadi kwenye ukingo wa uwanja, na mlima Meru ulikuwa wazi, hauna wingu. Brayson alishuka kwenye lori lake akashika kichwa. "Yero, jamani! Watu wote hawa wametufuata sisi?" Mzee Dismasi alifunga vifungo vya shati. Lesian alimtafuta Tabitha kwa macho, akaweka mkono kifuani.

Mzee Tajeu alikaa mbele, shuka nyekundu begani, fimbo kati ya magoti. Tabitha alimsalimia kwa heshima, "Shikamoo, baba," naye akaitikia kisha akatazama nyuma yake, kwenye ule umati. "Kumbe wanapendwa," alisema taratibu. Tabitha akasikia furaha, na ndani ya furaha ile kitu kidogo chenye ncha.

Mbio ya tatu Lesian alipangwa na Brayson. Bendera ilishuka. Malori yalinguruma yakatimua vumbi, na kwenye kubadili gia ya nne Lesian akakosea. Brayson alitangulia kwa urefu wa lori zima, kila mwenye macho akaona. Mama Theresia, ambaye alikuwa akiongea na simu, aliinua leso.

Watu sitini wakasimama wakaimba: "Lesian ameshinda, Lesian baba lao!" Vigelegele vikapasua anga. Brayson alishuka mshindi, akasimama kwenye vumbi akiangalia watu wanaocheza kwa jina la mwingine.

Mzee Tajeu aligeuza shingo. "Hawa wanaimba ushindi gani?"

Kabla hajajibiwa, Mama Theresia alitazama saa akachukua kipaza sauti. "Mwenye shughuli! Mwenye shughuli, saa saba imefika! Pilau letu liko wapi?"

Madereva wote waligeuka wakamtazama Lesian.

"Umewakodi?" Brayson aliuliza. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umekodi watu waje wakuimbe wewe?"

Lesian alitazama vitenge vya njano. Akatazama masufuria yaliyofunikwa nyuma ya gari, masufuria aliyoyajua. Kisha akamtazama Tabitha. Alimtazama kwa muda wa kutosha, muda ambao mtu angeweza kusema neno. Tabitha alifungua mdomo. Sitini walikuwa wanamtazama, na wanane, na mzee mwenye fimbo. Akaufunga.

"Ni mimi," Lesian alisema.

Mzee Tajeu aliinuka, akakung'uta shuka yake, akaondoka hajaaga.

Wiki tatu zilipita. Tabitha aliogopa kujitazama kwenye kioo. Kisha akaanza kumpigia Lesian kila siku, simu ikaita ikakatika. Siku ya tano ya kumpigia, alipokea.

"Lesian, nilikuwa nataka kukusaidia."

"Najua."

"Nilikuonea huruma, mpenzi. Kila mwezi viti vitupu..."

"Tabi," sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Mimi sikuwa nikiviona viti. Wewe ndiye uliyekuwa ukiona aibu. Sisi tulikuwa wanane, kila mmoja anamwangalia mwenzake, na inatutosha. Sasa wenzangu wameniambia nisimame pembeni mpaka watakaponiita. Nadhani hawataniita."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Nilikupa nafasi ukaiacha. Nikaona pengine huitaki."

Akakata. Tabitha alikaa chini kwenye sakafu ya duka, kati ya minara ya viti, uso ukimwaka hadi masikioni. Jambo la pilau aliweza kulisamehe. Ule mdomo alioufungua akaufunga, huo hakuweza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda Olasiti peke yake, bila kofia, bila kiti. Madereva saba walikuwa wakikaza nati za magurudumu. Lesian alikuwepo pia, amekaa juu ya jiwe mbali na wenzake. Alipomwona Tabitha hakuinuka.

"Shikamoo, Mzee Dismasi," Tabitha alisema.

"Marahaba. Leo hatukukodi viti, mama."

"Sikuja na viti. Nimekuja kusema." "Wale watu niliwaleta mimi. Jina la kwenye wimbo nilitoa mimi. Pilau nilipika mimi. Lesian hakujua chochote. Alipoulizwa nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza, akabeba yeye."

Spana ya mtu ilidondoka. Brayson alifuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ulifikiri hatustahili watu wa kweli?"

"Nilifikiri hamna watu," alisema Tabitha. "Nimekuja hapa mara nne, Brayson, na sijawahi kuitazama mbio hata moja. Nilikuwa naangalia nani hajaja. Nimewakosea wote, na wewe zaidi, kwa sababu siku ile ulishinda na sikukupigia hata kofi moja."

Brayson alimwangalia sana. Kisha pembe ya mdomo wake ikacheza. "Niliondoka vizuri lakini, eh?"

"Sijui," Tabitha alisema, machozi yakimlenga. "Sikuona."

Wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee Dismasi hakucheka. Aliwaita wenzake kando ya lori lake wakanong'ona, kisha akarudi na bendera ndogo nyekundu.

"Hapa kuna ugomvi wa siku zote," alisema. "Nani aliyetangulia kwenye mapipa ya mwisho. Kila tukimweka mtu anapendelea wa kwao. Wewe umetembea mpaka hapa ukajisema mwenyewe, na hakuna aliyekushika shati. Kasimame kwenye mapipa. Useme unachokiona." Akageukia jiwe. "Lesian, washa gari. Wewe na Brayson."

Tabitha alisimama kwenye mapipa akiwa peke yake, chokaa miguuni. Kwa mara ya kwanza alitazama. Aliona malori mawili kwa mbali, madogo kama maboksi ya kiberiti, kisha moshi mweusi ukapanda juu yao na ardhi ikaanza kumtikisa kwenye nyayo. Aliona jinsi Brayson alivyowahi mwanzoni, jinsi Lesian alivyomfikia gia kwa gia, pua zikiwa sawa, mkia wa Fuso ukiyumba naye akiurudisha kwa kuugusa usukani kidogo, kwa utulivu, kama mtu anayelaza mtoto. Kumbe ndiyo hii, alijisemea. Kumbe ndiyo hii kila mwezi. Yalipita kwa kishindo kilichompeperusha gauni, na katika kupita kule bampa la Brayson lilikuwa mbele. Kwa shubiri moja, pengine mbili. Mtu mwingine yeyote asingeona.

Yeye aliona. Aliinua bendera upande wa Brayson.

Brayson alipiga honi kama mwendawazimu. Madereva wakaja mbio. Lesian alishuka taratibu, ovaroli imejaa vumbi, akatembea mpaka kwenye mapipa.

"Umeninyima," alisema.

"Alikutangulia. Shubiri."

"Najua. Nilimwona dirishani." Akamtazama, na uso wake, uliokuwa umefungwa mwezi mzima, ukalegea. "Ungenipa mimi ningerudi kwenye jiwe langu."

Tabitha aliinamisha kichwa. "Bado naona aibu, Lesian. Kwako, na kwa mzee. Sijui nitamwangaliaje."

"Hiyo siwezi kukuondolea. Kesho baada ya ibada tunapanda Musa, mimi na wewe. Utamwambia mwenyewe, kama ulivyowaambia hawa."

"Atanifukuza."

"Pengine. Ni mgumu."

"Nitaanzaje sasa? Mtu hanijui, atanijua kwa jambo moja tu, na lenyewe baya."

Lesian alichukua bendera mkononi mwake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Anza na shikamoo," alisema. "Halafu mwambie wewe ni mchumba wangu. Ukishasema hilo atakaa chini. Yale mengine utamwambia akiwa amekaa."