Kengele Ikilia Asubuhi

Losa alikuwa amekaa juu ya kaburi la kaka yake, anasoma. Watoto wote wa Lalotai, kijiji cha pwani kisiwani, hukaa hivyo. Makaburi yako mbele ya nyumba, yamewekwa vigae, na vigae vina ubaridi mzuri jua likiwa kali.

"Unasoma nini?" aliuliza bibi yake, Fuatino. Alikuwa anamenya magimbi.

"Kitabu cha shule, bibi. Mwalimu Makerita ametugawia. Kinaeleza wimbi kubwa."

Kisu kilisimama.

"Kilete hapa."

"Kina picha, bibi! Bahari imerudi nyuma, samaki wanarukaruka kwenye matumbawe, watu wanawakimbilia na vikapu. Halafu mtoto mmoja anawaambia..."

"Nimesema kilete!"

Fuatino hakukisoma. Alikichana katikati, akakitia chini ya kuni za tanuri la mawe. Jioni ile magimbi yaliivia juu ya kitabu cha wimbi. Losa hakula.

Mama yake, Telesia, alirudi kutoka kusuka mikeka na wanawake wenzake. Aliona kipande cha karatasi kwenye majivu. Kilikuwa na picha ya bahari. Alikikanyaga, akaingia ndani.

Katika nyumba ile neno wimbi halikutajwa. Sababu ilikuwa chini ya vile vigae.

Losa alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Kaka yake, Alapati, alikuwa na miaka minne. Asubuhi moja ardhi ilitikisika kwa muda mrefu. Baadaye kidogo mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa karibu na kanisa ukapigwa kwa nguvu, kuonya watu. Mtungi ule ndio kengele ya Lalotai. Hupigwa kila jioni wakati wa sala. Ukilia, kila mtu anaingia ndani, anakaa chini, ananyamaza. Anayetembea barabarani wakati huo huadhibiwa na wazee. Mtoto hufundishwa jambo hilo kabla hajajua kujifunga kitambaa kiunoni.

Asubuhi ile Alapati alikuwa barabarani. Bibi yake alimwita. "Njoo ukae, kengele inalia!" Alapati akaja, akakaa. Alikuwa mtoto mtiifu. Wimbi likawakuta wamekaa.

Fuatino alikutwa amenasa juu ya mti, yu hai. Telesia alikuwa shambani, juu mlimani. Mume wake alikuwa New Zealand, anachuma matufaha, na hata leo yuko huko huko.

Tangu siku hiyo wanawake wale wawili walipika kwenye moto mmoja. Telesia alimwita mkwe wake mama. Alimpakulia kwanza. Hiyo ilikuwa adabu. Usidhani ilikuwa msamaha.

Kesho yake Telesia alikwenda shuleni. Hakuketi.

"Mwalimu, kwa nini unawatisha watoto wetu?"

"Habari za asubuhi na wewe pia, Telesia," alisema Makerita.

"Sikuja kuamkiana. Mwanangu ameanza kuuliza maswali. Kaka alikufaje? Kwa nini hakukimbia? Nimjibu nini mimi?"

"Mjibu kweli."

"Ana miaka minane!"

"Anakaa juu ya kaburi la kaka yake kila siku, Telesia. Unadhani hajui kuna kitu kinafichwa? Watoto wakikosa maelezo hujitungia yao. Mwanao aliwahi kuniambia bahari ilimchukua kaka yake kwa sababu alikuwa mkaidi."

"Mkaidi!" Sauti ya Telesia ilikatika. "Alikufa kwa utiifu."

Makerita alimsogezea kiti. Safari hii Telesia aliketi.

"Kitabu hakileti wimbi," alisema Makerita. "Na kunyamaza hakulizuii. Kitabu kizuri cha mambo haya hakimwachi mtoto kwenye hofu. Kinamwonyesha hatari, halafu kinamwonyesha la kufanya. Ukikisoma, kisome naye mchana, mtoto akiwa karibu nawe. Akiuliza, jibu kwa kifupi, usidanganye. Halafu mshike mkono, mpite pamoja njia ya kupanda mlimani. Hofu hupungua miguu ikishajua njia."

"Na bibi yake je? Kile cha kwanza amekichoma."

"Chukua kingine. Lakini leo nyumbani muulize Losa swali moja. Kengele ikilia asubuhi, atafanya nini?"

Telesia aliuliza mchana ule ule. Losa alikuwa anakuna nazi.

"Nitakaa chini," alijibu.

"Hata kama ni asubuhi?"

"Ndiyo, mama. Bibi amesema kengele ni kengele."

Telesia alimtazama Fuatino. Fuatino alikuwa anatazama magimbi yake.

"Umesikia, mama?" alisema Telesia. "Huyu naye atakaa."

Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kutajwa kati yao. Kikongwe aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia.

Telesia alilipeleka jambo hilo kwenye kamati ya wanawake. Wanawake wakalipeleka kwa baraza la wazee. Mzee Fonoti, msemaji wa baraza, alicheka.

"Mnataka tukimbie milimani kama nguruwe walioona mbwa?"

"Nguruwe wangu walipona mwaka ule, mzee," alijibu Telesia. "Walikimbia bila kusubiri kengele. Mwanangu alisubiri."

Hakuna aliyecheka tena.

Waliamua hivi. Mtungi utabaki kuwa wa sala tu. Hatari ya bahari itatangazwa kwa kupuliza kombe, lile gamba kubwa la konokono wa baharini, tena na tena. Lakini ardhi ikitikisika sana, au ikitikisika kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla, mtu asisubiri sauti yoyote. Apande. Asirudi kuchukua mkeka, wala nguruwe, wala samaki waliobaki kwenye matumbawe. Asishuke mpaka atangaziwe kwamba ni salama, kwa maana wimbi la pili linaweza kuzidi la kwanza.

Makerita aliwapa watoto vitabu vya kuwasomea wazazi wao nyumbani. Baadhi ya wazazi walinuna. "Siku hizi tunafundishwa na watoto wa kamasi," alisema baba mmoja. Lakini alisikiliza. Kila mwezi shule nzima ilipanda njia ya mashambani, na kijiji kikaanza kupanda nayo.

Fuatino hakupanda. "Miguu inauma," alisema. Wote walijua si miguu.

Losa alisoma kitabu chake kipya juu ya kaburi, kwa sauti, mchana kweupe. Mama yake alikaa kando yake. Walifika kwenye picha ya mtoto aliyepotea, Losa akauliza, na Telesia akamjibu kweli. Walilia wote wawili. Usiku ule Losa alilala vizuri.

Asubuhi moja ya Jumamosi ardhi ilitikisika. Vikombe vilianguka kutoka rafuni. Mbwa walibweka, na ardhi ikaendelea kutikisika. Ilipotulia, Losa alikuwa ameshasimama.

"Mama, tupande!"

Fuatino alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikunja, mikono mapajani, kama wakati wa sala. Hakuna kengele iliyokuwa imelia.

"Nendeni," alisema. "Mimi niacheni hapa. Ndivyo ninavyostahili."

Telesia alisimama. Kwa kitambo kifupi hakusogea. Losa aliuona uso wa mama yake, akaogopa kuliko alivyoogopa tetemeko.

"Bibi, kukaa ni kwa sala!" alipiga kelele. Akamvuta mkono. "Inuka! Inuka, bibi!"

Ndipo Telesia akaushika mkono wa pili.

Walipanda. Kombe lilianza kulia wakiwa katikati ya njia. Walikuwa na majirani mbele na nyuma, na Mzee Fonoti akihema kama mmoja wa wale nguruwe wa maneno yake. Juu, kwenye mashamba ya magimbi, walisimama wakatazama bahari ikirudi nyuma, halafu ikija. Halikuwa wimbi kubwa kama lile. Lakini lilivuka barabara, likapita katikati ya nyumba zao.

Fuatino alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alitazama chini, kwenye nyumba. Kisha aliitazama njia waliyopanda.

"Kumbe ni hapa tu," alisema.

Aliifuata njia kwa kidole mpaka chini.

"Mzee kama mimi nimefika. Hata yeye angefika."

"Ndiyo, mama," alisema Telesia. "Angefika."

Alimpa maji. Kisha akakaa kwenye jiwe lile lile.

Baada ya muda Fuatino alimvuta Losa karibu. "Kile nilichokichoma," alisema. "Unakikumbuka?"

"Chote, bibi."

"Nisomee."

Losa alimsomea kwa kichwa, mpaka wakatangaziwa kwamba ni salama kushuka.

Chini waliwakuta nguruwe watatu wamekufa, tanuri limebomoka, mikeka yote imeharibika. Vigae vilifunikwa na mchanga na matope. Lakini watu wa Lalotai walihesabiwa mbele ya kanisa, na wote walikuwapo.

Fuatino alichukua ufagio. Alifagia kaburi mwenyewe, taratibu, kona kwa kona, mpaka vigae vikaonekana. Telesia alileta ndoo ya maji, akaanza kuosha upande wa pili.

Kaburi lilikuwa moja. Lilibaki moja.