Salamu Niliyowapa wa Kanisani

Kosa ni langu. Naliandika kwa kuwa kulisema mbele ya mwanangu Ibtihal siwezi.

Ibtihal alitupeleka Ulaya, mimi na mjukuu wangu Hiba wa miaka sita. Jioni moja kaingia duka la dawa kuninunulia dawa ya magoti. Foleni ndefu. Ng'ambo ya barabara kanisa kuu la kale, mlango wazi.

"Bibi, twende tukaone vile vioo vya rangi!"

Haikunipasa. Lakini na mimi macho yalikuwa na tamaa.

Yaa Rabbi, kazi ya mikono! Matao juu ya matao, mpaka shingo ikaniuma. Jua la magharibi lilipenya vioo, likamwaga wekundu sakafuni. Kando ya ukuta sanamu za mawe za watu wamelala chali, hata mikunjo ya nguo imechongwa.

"Bibi, wamelala na viatu!"

"Shh. Adabu."

Harufu ya nta... na ya udongo mbichi.

Nikatazama chini. Majina. Tarehe.

Sakafu yote makaburi, na sisi tumewakanyaga.

Nikababaika. Ulimi ukatoa ulichozoea tukipita makaburini kwetu Ibra: "Assalaam alaykum, enyi watu wa nyumba hizi. Nasi inshaallah tutaungana nanyi."

Nasi.

Na mkono wa Hiba umo mkononi mwangu.

Chini ya nyayo zetu kitu kikagonga. Mara moja... taratibu.

"Bibi," Hiba akaninong'oneza, "wanauliza lini."

Nikamburura nje. Ibtihal sikumwambia. Nilimwogopa yeye kuliko nilivyomwogopa Mungu, astaghfirullah.

Tumerudi Ibra. Mwezi wa nane, joto la kuchoma, kiyoyozi kimezimwa, na Hiba anataka blanketi. Mikono barafu. Daktari kapima damu, hakuona kitu. Nikamwendea Sheikh Khelef kwa siri.

"Wale si wetu, Bi Mahfoudha. Ungewapita kimya."

"Nilikusudia mimi peke yangu!"

"Ulisema 'nasi'." Akainamisha kichwa. "Nitamsomea. Lakini ahadi uliyoitoa wewe, mimi siwezi kuifuta."

Kasoma siku tatu. Sikuona tofauti.

Jana baada ya chakula cha mchana nilimkuta Hiba kalala kitandani, kajibana ukutani, nafasi yote iliyobaki kaiacha wazi. Nikakaa ukingoni nimshike mkono, nimwombee.

"Sogea, Bibi," akasema polepole. "Umemkalia."

Nikasogea.