Tabaka la Juu

Mchoro haukuwa umetoweka. Ulining'inia palepale ukutani, katika Jumba la Utamaduni la mji wa Qingtan, ila ulikuwa umepauka kama mtu aliyetoka kuugua homa.

"Wiki mbili zilizopita milima hii ilikuwa nyeusi tititi," alisema Mkurugenzi Pu. "Ijumaa unahamishiwa mkoani. Nitawaambia nini, Inspekta? Kwamba milima imekonda?"

Inspekta Mou Jiahe hakucheka. Alivaa glavu, akatoa lenzi, akaukagua mchoro kutoka kileleni hadi bondeni. Kila mstari ulikuwepo: misonobari, ukungu, njia nyembamba ya kuteremkia mtoni. Kilichokosekana ni kimoja tu: muhuri mwekundu wa mchoraji, Mzee Fei Zongyao.

"Nani aliushika mara ya mwisho?"

"Bibi Xiang, fundi wetu wa kubandika michoro. Ukingo uliliwa na wadudu, akautengeneza."

Mou alizaliwa katika wilaya hiyo ya watengeneza karatasi, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Karatasi nene huwa na matabaka mawili. Wino hupenya hadi la chini, lakini rangi ya muhuri ina mafuta, hubaki juu. Mtu alikuwa amelichuna tabaka la juu akaliacha la chini.

Bibi Xiang Suqin, mjane wa miaka sitini na minane, alikuwa karakanani kwake akikoroga gundi ya unga wa ngano.

"Karibu chai, Inspekta. Au umekuja na pingu?"

"Nimekuja na swali. Mafundi wangapi hapa mjini wanaweza kuchuna karatasi bila kuipasua?"

"Wawili. Mmoja tulimzika mwaka juzi."

"Amebaki nani?"

"Mbona unauliza unachokijua?" Akaweka mwiko chini. "Ni mimi. Andika."

Mou hakuandika. Kuna jambo lililomkereketa tangu asubuhi.

"Ungechukua tabaka la chini ukaacha la juu, nisingekukamata hata miaka mia. Mwenye mikono kama yako hafanyi kosa la kitoto namna hiyo. Kwa nini la juu?"

Bibi alitazama mikono yake.

"Ni macho yake, Inspekta. Nilimpelekea kwanza la chini. Akaniuliza karatasi tupu ya nini."

"Nani?"

"Mwalimu Fei. Nimebandika milima yake miaka arobaini. Sasa amesahau jina langu, hajui kama amekula au bado. Lakini kila siku alikwenda jumbani kuitazama njia ile. Anasema mkewe ameteremka mtoni kufua, anarudi sasa hivi. Mkewe tulimzika miaka kumi na moja iliyopita. Mkiupeleka mkoani, atamngojea wapi?"

Walikwenda pamoja nyumbani kwa mzee. Mzee Fei alikuwa ameketi mbele ya tabaka la juu lililobandikwa ukutani, pua karibu iguse karatasi. Mou akasimama kando ya ukuta atazame muhuri.

"Wewe kijana, sogea," alisema mzee. "Umeziba njia."

Mou, mwenye miaka hamsini na miwili, alisogea.

"Lazima niuchukue, Bibi," alinong'ona.

"Najua. Na mimi nichukue. Ila usimwachie ukuta mtupu."

Jioni ile Mkurugenzi Pu alisoma maelezo ya ungamo mara mbili, akapenga kamasi kwa kishindo.

"Daftarini kwangu kuna mchoro mmoja, wenye muhuri. Huo ukirudi, huu mwingine siutambui, peleka unakotaka. Na shauri naliondoa. Lakini mwambie yule bibi asinisogelee na kisu hadi Ijumaa ipite!"

Asubuhi iliyofuata waliutandaza mchoro uliofifia juu ya meza ya Mzee Fei. Aliupapasa.

"Karatasi tupu."

"Si tupu, Mwalimu," alisema Bibi Xiang, akamtia mkononi brashi iliyokolea wino. "Milima imo. Hujaimaliza tu."

Brashi ilielea hewani kwa muda mrefu, kisha ikashuka. Mou alitarajia iguse kileleni, wanakoanzia wachoraji wote wa wilaya ile. Ikatua chini kabisa, ukingoni mwa mto, ikaanza kupanda polepole, bila kutetemeka.

"Mbona unaanzia huko, Mzee?" Mou aliuliza.

"Maswali gani haya ya mtu asiyeoa!" mzee alifoka bila kuinua kichwa. "Mke wangu anapanda na beseni la nguo mbichi. Nikianza na vilele, yeye atapita wapi?"