Ubeti wa Nyumba ya Mwandu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Nyamizi alikaa uani na Bibi Monika wakimenya karanga. Bibi alimenya huku akiimba. Nyamizi alimenya huku masikio yake yakiwa kiwanjani, ambako Doto na wenzake walicheza rede.

"Umeushika?" Bibi aliuliza.

"Nimeushika, Bibi!" alijibu, na mara alikuwa amekwisha kutoka mbio.

Alichotakiwa kushika ni ubeti wa nyumba yao, nyumba ya marehemu babu Mwandu. Kanisa lao dogo la Nkololo lilikuwa na wimbo wa mavuno wa Kisukuma usioandikwa popote. Kila nyumba ilitunza ubeti wake, na ilikuwa mwiko kuimba au kufundisha ubeti wa nyumba nyingine. Ubeti ukikosa kuimbwa sikukuu moja tu, ulihesabiwa umekufa. Miaka iliyofuata watu walisimama kimya ilipofika zamu yake. Wengi walikuwa wamehamia makanisa makubwa ya mjini Bariadi, kwa hiyo siku hizi ukimya ulikuwa mwingi kuliko uimbaji.

Asubuhi ya sikukuu, Bibi aliamka mafua yamemkausha sauti kabisa. Alimnyooshea Nyamizi kidole, akatabasamu. Leo utaimba wewe.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Bibi, nisamehe," alisema akilia. "Nilikudanganya. Sijaushika."

Tabasamu la Bibi lilizimika. Kwa ishara akamtuma dukani akanunue tangawizi, labda koo litafunguka.

Duka la Mzee Hilali lilipakana na kanisa kama pua na mdomo.

"Shikamoo, Mzee Hilali."

"Marahaba. Mbona machozi siku ya pilau?"

Nyamizi alimweleza yote. Mzee Hilali akaweka tangawizi kando na kukohoa kidogo. Kisha, kwa sauti nzito, akauimba ubeti wa nyumba ya Mwandu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nyamizi aliduwaa. "Lakini ni mwiko!"

"Mwiko wenu, mama. Mimi ni mtu wa msikitini. Nimeusikia kupitia ukuta huu tangu ujana wangu, nani angeniziba masikio? Haya, nifuate. Na usikimbilie mwisho!"

Waliimba katikati ya magunia ya mchele na wateja wakingoja, mpaka kengele ya kanisa ikalia.

Zamu yao ilipofika, Nyamizi alisimama. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Bibi alilia kwa furaha bila kujificha, na huko dukani Mzee Hilali akasahau sukari ya mteja kwenye mizani.

Wiki ile sauti ya Bibi ilirudi, na maneno yake yote.

"Uliposema ukweli ndipo ulipopata msaada," alimwambia. "Ungeshikilia uongo wako, nyumba yetu ingenyamaza. Urithi hautunzwi na anayejidai anajua, mjukuu wangu. Hutunzwa na anayekubali kujifunza."

Wazee wa kanisa nao, waliposikia kwamba Mzee Hilali anazijua beti zote, walilegeza mwiko na kukubaliana kwamba beti zilizonyamaza wapewe watoto, na Mzee Hilali awafundishe. Nyamizi alipewa wa nyumba ya Bujiku.

Jioni moja walikuwa tena uani na karanga zao, Nyamizi akiurudiarudia ubeti wa Bujiku. Doto aliita kutoka kiwanjani.

"Umeushika?" Bibi aliuliza.

Nyamizi alitazama kiwanjani, kisha akavuta kigoda chake karibu.

"Bado, Bibi," alisema.

Bibi Monika akacheka, akammiminia karanga nyingine mapajani.