Kopo Moja, Maksi Tatu

“Fundi, hebu nisaidie mimi mzee. Hizi ni rangi tatu?”

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni, amelaza vipande vitatu vya mbao magotini kama vitambaa vya kushona. Binti yake, Mwalimu, alisimama mlangoni na birika la chai. Mimi nilikuwa na mkanda wa kupimia mkononi.

“Tatu, Mama.”

“Zitaje.”

“Hiyo ya kushoto ni Majani ya Asubuhi. Ya katikati ni Zeituni Changa. Hiyo nyingine ni Kijani Tulivu.”

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akavitazama tena vile vipande kwa macho matupu.

“Nimelinganisha uzi na kitambaa miaka thelathini na mbili, mwanangu. Hakuna bibi harusi aliyewahi kurudi kuniambia pindo halifanani na gauni. Hizi zimetoka kopo moja.”

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa wiki saba, na mwisho wake ulikuwa hapo hapo kwenye zulia.

Msinihukumu bado. Ngojeni niwaeleze ilivyoanza, halafu nihukumuni nikiwa nimekaa.

Mimi ni fundi wa fremu za madirisha. Karakanani wananiita Nusu, kifupi cha Nusu Digrii, maana nilisomea uchoraji wa majengo miaka mitatu, nikaondoka kabla ya kumaliza. Nyumba ya Mama ni ya zamani, kuta nene, madirisha tisa, na fremu zote mchwa wamekula mbao wakabakisha rangi. Ukibonyeza, kidole kinazama kama kwenye mkate. Fremu mpya nilishaziranda na kuziunga. Ilibaki kuchagua rangi tu.

Sasa, mimi huwa sichagui rangi kwenye karatasi. Rangi ya dirisha haisemi ukweli mpaka jua liizunguke. Napaka vipande vya mbao, navitundika dirishani, mwenye nyumba anavitazama asubuhi, mchana na jioni, ndipo anaamua. Kwa kawaida ni siku mbili tu.

Siku ya kwanza nilileta vinne: nyeupe, kahawia, kijivu na kijani. Mwalimu, anayefundisha hesabu sekondari, akatoa daftari akachora jedwali. Akasema kila rangi itapewa maksi juu ya kumi, na sababu itaandikwa, ili tusichague kwa hisia. Nikamuuliza kama rangi ikifeli itaitiwa mzazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi hapo hapo nikapiga hesabu yangu: rangi ikichaguliwa, kazi ni siku nne, na baada ya siku nne sina sababu ya kubisha hodi nyumba hii.

Basi nikawa naleta rangi mpya. Kahawia hii, kijivu kile. Za kweli zilipoisha, nikachukua kijani kilekile cha siku ya kwanza, nikakipaka kwenye kipande kingine, nikakibatiza jina. Nikileta kipya, cha zamani nakirudisha mfukoni ili wasije wakakutana ndugu hawa. Ila Jumanne niliondoka nikiwa nimelewa kicheko cha mtu, nikasahau mfuko nyuma ya pazia.

Leo ilikuwa Alhamisi, na ndugu wote walikuwa magotini pa Mama.

Mwalimu akaweka birika mezani, polepole.

“Subiri. Majani ya Asubuhi nilikipa nne.”

Nikaukunja mkanda wa kupimia.

“Zeituni Changa, saba. Tulivu nikakipa tisa. Na sababu nikaandika.”

“Mwalimu, nilikuwa natania tu.”

“Wiki saba, fundi? Mama anakaa kwenye hicho kiti kutwa nzima anakukagulia rangi ileile, wewe unaenda karakanani kutucheka?”

Sikuwa nacheka. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mtu aliyezoea utani akisema kweli, hata yeye mwenyewe anajishuku.

“Chukua vipande vyako,” akasema. “Kaka ameshaongea na watu wa alumini. Nyeupe. Wanakuja Jumamosi saa nne. Mimi ndiye niliyekuwa namwomba asubiri.”

Nikachukua vipande vyangu. Chai ilibaki kwenye birika.

Jioni ile niliandika ujumbe nikafuta, nikaandika nikafuta. Jumbe tatu za kwanza zilikuwa na utani ndani. Wa nne nikautuma:

“Samahani. Kijani ni kimoja. Sikuwa nawacheka. Rangi ikipatikana nisingekuwa na sababu ya kurudi kwenu. Ni hilo tu.”

Tiki mbili zikageuka bluu. Hakuna jibu. Asubuhi, hakuna. Fremu tisa zilikuwa zimeegemea ukuta wa karakana bila rangi, zinanitazama kama watoto waliochelewa kuchukuliwa shuleni.

Ijumaa mchana simu ikaita. Mama.

“Wewe Nusu.”

“Naam, Mama.”

“Kesho saa tatu uwe hapa. Njoo na mkanda wako, utani uache huko huko.”

“Lakini Mama, Kaka si analeta watu wa alu…”

“Nyumba ya nani?”

“Yako, Mama.”

“Haya.” Akakata.

Jumamosi nilimkuta Kaka ameshafika. Ni mtu mkubwa, mwenye kishada cha funguo kiunoni kama mlinzi wa ghala. Akanieleza kwa upole kwamba alumini haina mchwa, kwamba nyeupe haigombani na pazia lolote, na kwamba mama yake hawezi kukaa na madirisha yaliyooza mvua zikianza kwa sababu fundi hajui kijani ni kipi. Yote yalikuwa kweli. Mwalimu alikaa pembeni ya meza, anatazama kitambaa cha meza kana kwamba kina mtihani.

Mama akaniambia nianze mimi, niseme kosa langu mbele ya mwenye funguo. Nikasema lote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza chumvi. Ilikuwa fupi ajabu.

Kisha akamsukumia mwanawe daftari.

“Soma wewe mwenye macho mazima. Vile vijani.”

Kaka akakohoa, akasoma:

“Majani ya Asubuhi, tarehe tatu. Nne juu ya kumi. Imepauka, haina uhai, nyumba inaonekana imefiwa.”

“Tarehe tatu,” Mama akanigeukia, “ulikaa hapa muda gani?”

“Dakika kumi, Mama. Kulikuwa na mteja ananisubiri.”

“Endelea.”

“Zeituni Changa, tarehe kumi. Saba. Inachangamsha. Ingekaa kidogo zaidi ingezoeleka.”

Siku ile nilikunywa vikombe viwili.

“Mama, inatosha,” Mwalimu akasema.

“Bado moja. Soma, baba.”

“Kijani Tulivu, tarehe kumi na nane. Tisa juu ya kumi.” Kaka akasita, akasogeza daftari karibu. “Jioni inang’aa. Unatamani isiondoke.”

Tarehe kumi na nane ndiyo Jumanne ile. Nilikaa mpaka jua likazama, nikatengeneza mlango wa jikoni ambao hakuna aliyeniomba niutengeneze.

Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa viganja. Masikio tu ndiyo yalionekana, na yalikuwa yanawaka.

“Rangi ni moja,” Mama akasema, anakunja miwani yake taratibu. “Maksi ni tatu. Sasa Mwalimu, mwanangu, ulikuwa unasahihisha nini?”

Aliyeanza kucheka ni Kaka. Alicheka mpaka funguo zikalia.

“Nahama nyumba hii,” Mwalimu akasema ndani ya viganja.

“Hama. Ila kwa ndoa.”

Akashusha mikono. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

“Nilikasirika kwa sababu nilidhani nimejiumbua peke yangu. Mimi naandika mambo yale, kumbe wewe unanichezea.”

“Ningeweza kumaliza madirisha yenu mwezi uliopita,” nikasema. “Nimekaa na fremu tisa wiki saba, wateja wengine wananitukana. Huo haukuwa mchezo.”

“Sema bila utani.”

“Nakupenda. Nimetafuta jina lingine la kuliita jambo hili, sina.”

Alinimiminia chai huku ananitazama mimi, mpaka nusu ikaishia kwenye kisahani. Nikaanza na ya kwenye kisahani.

Kaka akauliza, sasa alumini? Watu wapo njiani. Na rangi bado hakuna.

Mama akainama, akavuta kasha lake la nyuzi chini ya kiti, akatoa kipande cha mbao. Kijani. Kile cha siku ya kwanza, ambacho nilidhani nimekipoteza. Akakigeuza. Nyuma, kwa chaki ya kukatia nguo, kulikuwa na neno moja, HII, na tarehe ya siku niliyofika mara ya kwanza.

“Mama,” Mwalimu akasema. “Ulichagua siku ile ile?”

“Saa ile ile.”

“Na ukakaa kimya wiki saba?”

“Ulikuwa unarudi kutoka shule umenuna kama umefelishwa wewe. Ghafla unawahi nyumbani, unajitazama kwenye kioo, unauliza kama fundi amefika. Nikasema madirisha yasubiri. Hata mchwa wenyewe hawakuwa na haraka. Ila huyu naye akaanza kuniletea kijani changu kwa majina ya kigeni, na wewe Kaka ukaleta haraka zako. Ilibidi nifungue pindo.”

Kaka akatoka nje na simu. Tulimsikia akiwaomba radhi watu wa alumini, akiwaambia mgonjwa amepata daktari wake. Akarudi akasimama mbele yangu.

“Haya shemeji. Hicho kijani jina lake hasa ni nani?”

“Namba kumi na mbili,” nikasema. “Kopo la lita nne.”

Nilipaka na kufunga madirisha yote tisa kwa siku nne, na safari hii sikuchelewa hata dakika, maana sababu ya kurudi nilikuwa nayo. Harusi ni mwezi wa kumi na mbili. Gauni anashona Mama, na ole wake atakayesema pindo halifanani.

Jioni nilipofunga dirisha la mwisho, simu yangu ikalia nikiwa njiani. Mwalimu alinitumia picha ya daftari. Chini ya jedwali kulikuwa na mstari mpya: Fundi. Tisa juu ya kumi.

Nikamwandikia: “Hiyo moja imeenda wapi?”

Akajibu: “Umalize digrii.”

Fomu nimeshaichukua. Wameandika ijazwe kwa kalamu ya bluu au nyeusi tu. Nimewapigia kuuliza kama kijani kinaruhusiwa.