Mtoto wa Simba Ndani ya Boksi

Haya yalimkuta shoga yake dada yangu, mpiga picha kwenye bustani ya wanyama ambako watalii humpakata mtoto wa simba wakapigwa picha. Mtoto huyo aliporwa kwa mama yake kabla hajafumbua macho. Kila asubuhi mpiga picha alimdondoshea dawa ya usingizi mdomoni, asije akamparura mtu. Mgeni akiuliza mbona amelegea hivyo, yeye hujibu, "Ameshiba tu, mama."

Siku moja, mchana kweupe, mtoto yule alifia mapajani mwa bibi arusi aliyekuwa akitabasamu mbele ya kamera. Meneja akamtia kwenye boksi, akalifungia katika chumba cha kuchapia picha, kisicho na dirisha. Saa tisa akampa mpiga picha ufunguo.

"Kalitoe lile boksi. Mwingine analetwa kesho."

Alipoingia tu, umeme ukakatika na mlango ukajifunga nyuma yake. Gizani akasikia mkwaruzo wa taratibu, kama msasa kwenye ubao, ukikoma na kuanza tena. Kisha pumzi nzito, ya kitu kikubwa, karibu na magoti yake.

Hakukimbia. Aliketi sakafuni akalia.

"Nisamehe," akasema. "Nilijua mwanao hakuwa ameshiba."

Mkwaruzo uliendelea mpaka umeme uliporudi. Chumbani hamkuwa na mtu wala mnyama. Boksi lilikuwa wazi, na yule mtoto amelala vilevile, mfu, manyoya yake yamelowa mate, yamelazwa vizuri upande mmoja kuanzia utosini mpaka mkiani, na mate yenyewe bado yana joto.