Njaa Iliyookotwa

Sahani ya Lulwa ilirudi jikoni haina hata punje. Mama yake akaiinua juu kuitazama vizuri, akamshukuru Mungu kwa sauti, maana kwa miezi mitatu mtoto alikuwa hali, anadonoadonoa tu.

"Umeona, Wadha? Wali wangu wa machbusi hauna mpinzani. Hata aliyetolewa nyongo anafuta sahani."

Wadha aliitazama sahani ile. Katika nyumba yote ile ya mjini Jahra ni yeye peke yake aliyejua kwamba dada yake hakutolewa mfuko wa nyongo, kama walivyoambiwa wengine. Lulwa alikuwa amepunguzwa tumbo. Madaktari walikata sehemu kubwa wakaitoa, wakamwachia kimfuko chembamba kama ndizi, kisichobeba zaidi ya vijiko vichache. Mlima ule wa wali na nusu kuku ulipita wapi?

Watu wa pale wanaogopa jicho la hasidi kuliko wanavyoogopa kisu. Binti akiposwa, kimya kwanza. Akinunua gari, kimya kwanza. Lulwa alikuwa na kilo mia na ishirini na sita, sukari imeanza kumnyemelea, na shangazi zake hawakumwacha apumue. "Fungueni milango yote miwili, Lulwa anaingia," walikuwa wakisema harusini, na ukumbi mzima ukicheka. Naye alicheka nao, halafu akaenda kulia chooni. Usiku wa kuamkia upasuaji alimshikisha mdogo wake msahafu.

"Apa. Hata Mama asijue. Mama akijua, ikifika alasiri Jahra nzima inajua, na jicho litanimaliza."

Wadha akaapa. Ulikuwa ujinga, tena ujinga mkubwa, lakini alimpenda dada yake na hakujua kumkatalia.

Siri haiji peke yake, huja na wanawe. Daktari alikuwa ametoa karatasi: maji kwa funda ndogondogo, usinywe huku unakula, tafuna mpaka kilainike, vidonge vya vitamini kila siku maisha yako yote, usikose kliniki, ukitapika bila kukoma njoo siku hiyohiyo. Karatasi ikafichwa chini ya godoro. Vidonge vikafichwa ndani ya soksi, kwa kuwa Mama angeuliza ni vya nini, na vikaishia humo humo. Kliniki nako alikuwako muuguzi mmoja, rafiki wa shangazi. Lulwa hakwenda hata mara moja.

Mchana ule, nyumba yote imelala kukimbia jua, Wadha alifungua mlango wa dada yake polepole. Lulwa alikuwa amelala kauelekea ukuta. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo maji ya manjano matupu. Hapakuwa na wali wala nyama. Chumba kilinuka nyama iliyoungua iliyochanganyika na dawa ya hospitali.

Kisha tumbo likanguruma. Ngurumo ndefu, ya mtu mwenye njaa ya siku nyingi. Wadha akamwinamia dada yake, akatega sikio. Kimya. Likanguruma tena, na safari hii akajua sauti inatoka wapi: kwenye kona, kando ya kabati, pasipo na mtu, juu kidogo ya usawa wa kiuno, pale ambapo tumbo la mtu aliyesimama lingekuwa. Alitoka kinyumenyume, mkono mdomoni.

Tangu siku hiyo Lulwa alitapika kila kitu, hata maji. Nywele zikamtoka kwa mafungu. Akawa anatembea kwa kushika ukuta, anaona watu wawili alipo mmoja, mboni za macho zinacheza zenyewe, na maneno yake yakaanza kupotea njia. Na sahani zake, kila mchana, zilirudi safi.

"Twende hospitali, Mama," Wadha alisema.

"Hospitali ndiko alikopata jini. Kaingia na akili zake, katoka na mtu. Hujamsikia anavyoongea?"

"Mama, nakuomba."

"Kuna jambo unalijua?"

Wadha akajibu, "Hapana."

Alijichukia kwa hapana ile. Alikwenda kuilia bafuni, bomba amelifungua, kama dada yake alivyozoea kufanya.

Mulla Faraj, msomaji wa dua za kutoa majini, aliitwa baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa mzee mpole, si mtu wa makelele. Alikaa mbali kidogo na kitanda akasoma, na alipofika aya ya tatu Lulwa akafumbua macho na kutabasamu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kiume, tulivu, ya mtu anayezungumza na wageni wake.

"Unajichosha, Mulla. Mimi si mwizi. Walimkata njaa yake wakaitupa. Mimi nikaiokota."

"Toka kwa jina la Mola wako."

"Nitatoka. Kwani amebakiza nini?"

Mama alijifunika uso kwa abaya yake. Mulla akaomba jagi. Akatia maji, chumvi ya mawe na sanamaki, majani ya kuendesha tumbo, yaliyochemshwa, akayasomea. "Huenda alilishwa kitu," alinong'ona. "Anywe jagi lote. Atatapika, na kilichomo kitatoka."

Ile sauti ikacheka chinichini. "Mpe, Mulla. Mpe lote. Hiyo ndiyo dawa yake."

Na hapo, jagi likiwa limeshakaribia mdomo uliopasuka wa dada yake, na lile jicho linalocheza limegeuka na kumtazama yeye Wadha, yeye peke yake, kama kumkumbusha msahafu aliouwekea mkono, na harufu ya nyama iliyoungua imejaa mpaka haivutiki pumzi, na ngurumo ile ya tumbo sasa inatoka kila kona ya chumba kana kwamba wameketi wenye njaa mia wanaongoja kugawiwa, Wadha alijua kwamba akinyamaza tena dada yake hatafika magharibi.

"Mulla, usimpe. Hana tumbo. Amekatwa tumbo, hakutolewa nyongo. Mimi najua tangu mwanzo."

Akasema yote. Karatasi, soksi, kliniki, kiapo. Mama hakumpiga; angempiga ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ndogo, "Nimemlisha wali. Mwanangu alikuwa na donda tumboni, mimi namlisha wali na samli."

Mulla alilitua jagi chini. "Ningemuua," alisema. "Binti, kiapo cha kumwangamiza mtu hakitunzwi. Utalisha maskini kumi, hiyo ndiyo kafara yake. Sasa mbebeni. Hospitali kwanza, nami nitasoma njiani."

Hakubebeka. Lulwa aliyebaki mifupa na ngozi, watu watatu walimshika na hakuinuka hata inchi moja, akakaa pale kama jabali.

"Nitoke niende wapi?" sauti iliuliza, na sasa ilikuwa na huzuni. "Njaa ni mzigo. Siwezi kuitua bila pa kuitua."

"Asijibiwe," Mulla alisema haraka. "Yeyote asimjibu."

Wadha alikuwa amemkumbatia dada yake kifuani. Aliusikia moyo ukienda mbio kisha ukisita, ukienda mbio kisha ukisita. Hakungoja usite mara ya tatu. Aliweka mdomo kwenye sikio la Lulwa akanong'ona kitu ambacho hata Mama, aliyeshika miguu, hakukisikia.

"Itue kwangu."

Lulwa akawa mwepesi. Walimbeba mpaka garini kama mtoto.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke, na alikuwa na hasira. Alichoma vitamini kwenye mshipa kabla hata hajauliza jina. "Aliyepunguzwa tumbo akitapika mfululizo, hakai nyumbani hata siku mbili," alisema. "Vitamini B1 ikiisha mwilini, ubongo unakufa. Mnaona majini, kumbe mtu anakufa kwa vitamini. Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa," Wadha alisema. "Iliandikwa."

Siku ya tatu macho yakatulia. Siku ya sita Lulwa akamtambua mama yake, akamwita Mama. Miguu haikurudi sawa, na miezi mingine ilikuwa imefutika kichwani kabisa, lakini alikuwa hai, anakunywa supu kijiko kimoja kimoja, na kila asubuhi Mama alimhesabia vidonge vyake mbele ya shangazi zake wote, bila kujali jicho la mtu. Mulla alisema jini ametoka. Daktari alisema hapakuwa na jini. Wadha hakumbishia yeyote.

Ijumaa walipika kafara. Sufuria kubwa, wali wa watu kumi, kondoo mmoja, zabibu na vitunguu juu. Mama alijitanda akatoka kwenye jua la saa saba kuwaita wafagia barabara, akamwachia Wadha jiko. Hakukawia. Robo saa, labda na dakika mbili.

Aliporudi na wanaume kumi waliovua viatu mlangoni, alimkuta binti yake amepiga magoti sakafuni, mikono imeungua mpaka kwenye viwiko, midomo imevimba kwa moto wa wali. Sufuria ilikuwa kavu. Mifupa nayo haikuwepo.

"Wadha," Mama alisema polepole, "nani amekula?"

Wadha angeweza kusema wageni walifika, au paka, au chochote. Alikuwa amechoka kuficha.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Na bado nina njaa."